Kipimo cha Machozi

Mpaka leo saa saba mchana niliamini, tena bila chembe ya shaka, kwamba wafadhili wa utafiti wa magonjwa hutembea na kipimo cha machozi.

Subirini kwanza, msianze. Habari hizi alinipa Athumani, tuliyesoma naye masomo ya jioni pale mjini Masoko. Athumani aliwahi kulinda geti la ofisi moja Dar inayogawa fedha za utafiti, na mtu aliyelinda geti anajua mengi kuliko waliomo ndani (hivyo ndivyo nilivyojiambia). Akasema kidude chenyewe ni kidogo kama redio ya mkononi. Wageni wakifika kwa mgonjwa wanakielekeza kwenye nyuso za familia, namba inatokea. Machozi yakiwa mepesi, maombi yanarudishwa. Yakiwa mazito, fedha zinatoka kabla gari halijageuza.

Nikaona mbona inaingia akilini! Sisi huku tukipeleka korosho chama cha msingi, si zinapimwa unyevu? Kidude kinasoma, karani anakuambia zako mbichi, rudi ukaanike. Kama korosho inapimwa maji, jicho litashindwaje? Tofauti ni kwamba kwa korosho maji yakizidi unakataliwa, na kule yakizidi unapewa. Nikafurahi kuishi katika dunia yenye mpangilio namna hii.

Basi leo nimeumbuka. Nimeumbuka kuanzia utosini hadi kwenye soli za viatu. Naandika nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, maana kijiji chetu hiki cha njia ya Likawage mtandao unapatikana juu ya kichuguu hiki tu, na nina udongo mpaka masikioni kwa sababu nimetoka kuzika mgomba. Mgomba nitaufikia.

Mpwa wangu Zuhura, mtoto wa dada yangu Somoe, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Alizaliwa na ngozi isiyoshikamana vizuri na mwili. Ukimkumbatia kwa nguvu, yanatoka malengelenge. Mshono wa nguo ukimsugua, anachubuka. Kidonda kikipona kinaacha kovu, na makovu ya mkono wa kushoto yameanza kuvigandisha vidole vyake pamoja. Mkono wa kulia bado uko wazi. Ndio anaochorea. Mtoto huyu akichora kuku, kuku wenyewe wanakuja kuangalia.

Ni ugonjwa adimu, wa kuzaliwa nao, hauambukizi. Aliyetuambia hivyo ni Dokta Tecla, mtu wa kwao Rondo, anafundisha chuo kikuu Dar. Kabla yake tuliambiwa mengi, na kurogwa ndilo lililokuwa la heshima kidogo. Dokta ndiye anayemletea Zuhura bandeji zisizonata kwenye kidonda, kwa mshahara wake mwenyewe. Na amekuwa akihangaika kutafuta fedha za kufanyia utafiti dawa moja ya kupaka ambayo nchi nyingine wameanza kuijaribu, aone kama itawafaa watoto wa huku, kwenye joto letu na vumbi letu. Kaandika maombi, yakarudi. Kaandika tena, yakarudi. Alituambia magonjwa ya watu wengi yana foleni ndefu ya wanaotaka fedha. Magonjwa ya watu wachache, hata hiyo foleni ya kupangwa hayana.

Safari hii mfuko mmoja wa nje umeyapokea maombi yake, ikabaki hatua ya mwisho: wageni waje wajionee. Wakikubali, dawa inajaribiwa. Wakikataa, utafiti unafungwa, na vidole vya Zuhura havina subira ya kungoja ofisi nyingine.

Jana Dokta alipiga simu, nikapanda kichuguuni kumsikiliza.

"Kaka Mfaume, naomba kitu kimoja. Kaeni kama mnavyokaa siku zote. Wanataka kuona maisha ya mtoto ya kawaida."

"Sawa, Dokta."

"Mimi hofu yangu ni swali moja tu. Watauliza wagonjwa wengine wako wapi. Mkoa mzima nimepata wanne. Utafiti wa watu wanne haupiti, kaka."

"Usijali, Dokta. Mimi nipo."

"Ndiyo maana nina wasiwasi," akasema, akacheka.

Mtu mwingine angetii. Lakini mimi ni mtu wa cheti cha kidato cha nne, kimetiwa fremu, kipo ukutani sebuleni. Nikajua Dokta anazungusha maneno. Habari za kipimo hawezi kuzitaja kwenye simu, ni siri ya kazi! Kaeni kama kawaida, maana yake jiandaeni. Na huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Neno ninalo, cheti ninacho. Nani wa kunizuia?

Leo asubuhi Somoe alidamka kwenda Nangurukuru kuwapokea wageni, maana njia ya kuingia kwetu ina michepuko mingi na yote inafanana. Akaniachia maagizo: "Kaka, fagia uwanja, chemsha maji ya chai. Basi."

Nikafagia uwanja. Kisha nikamwita Zuhura kabla hajaenda shule, nikamweleza habari za kipimo, kwa ufasaha, kama mwalimu.

"Kwa hiyo mpwa wangu, leo ukirudi ukawakuta, unalia."

Akafikiri. "Mjomba, mimi silii ovyo. Machozi yana chumvi. Yanaunguza mashavu."

Nikamkabidhi daftari zake. (Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa mtu mwenye heshima zake.)

"Basi nenda shule," nikasema. "Tutakulilia sisi."

Nikachukua baiskeli mpaka kwa Bi Fatu. Kijijini turubai ni moja, linakaa kwake, pamoja na mikeka mikubwa na masufuria ya shughuli. Nilitaka wageni wakae kivulini, na wanaolia pia wakae kivulini, maana jua hukausha.

"Shikamoo, Bi Fatu."

"Marahaba, Mfaume. Asubuhi yote hii?"

"Nimefuata turubai. Na mikeka. Na lile sufuria kubwa."

Akanitazama. "Kuna nini?"

Ndugu zangu, ningesema wageni. Neno moja tu, wageni. Lakini tangu nilipoamka nilikuwa nafanyia mazoezi uso wa huzuni, na wakati ule ulikuwa umenikaa vizuri sana, nikaona nisiuharibu. Nikainamisha kichwa.

"Zuhura," nikasema. "Tumuombee."

Bi Fatu akaweka kiganja mdomoni. Nikajisemea, uso unafanya kazi! Nikafunga mzigo kwenye baiskeli, nikaondoka najipongeza.

Kutoka hapo nikamfuata Shangazi Mwanjaa. Shangazi akilia, kijiji cha pili wanafunga milango, na upepo ukiwa mzuri cha tatu pia. Nikamwambia aje na wenzake wawili, kuna supu ya kuku.

"Nimlilie nani?" akauliza.

"Hali ya Zuhura, shangazi."

"Zuhura si yuko shule?"

"Yuko. Wewe lia tu. Lia kwa akiba."

Ilipofika saa nne kila kitu kilikuwa tayari. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, sufuria liko mafigani, Shangazi na wenzake wamejitanda kanga wanajaribu sauti.

Sasa, mtu yeyote wa huku kwetu akipita njiani akaona turubai uwanjani, wanawake mkekani wanalia, na sufuria kubwa motoni, haulizi. Anashuka kwenye baiskeli, anavua kofia, anageuza kwenda kuwaambia wengine. Majembe yanawekwa chini. Siku hiyo hakuna anayekwenda shamba. Hilo nalijua tangu nazaliwa. Nimelifanya mwenyewe mara nyingi. Lakini leo, kwa kuwa mwenye turubai ni mimi, halikunijia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Mzee wa kwanza akafika, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, Mfaume."

"Ahsante, mzee. Ndiyo hali."

Akafika wa pili, na wa tatu, na mama mmoja na kikapu cha unga, na mwingine na mihogo. Bodaboda zikashusha watu. Nikatazama uwanja unavyojaa, moyo ukanijaa pia. Nikasema kumbe watu wa kijiji hiki wanajali utafiti! Nikakumbuka nilivyowasema vibaya mwaka juzi kwenye mkutano, nikaona aibu. (Aibu yenyewe ilikuwa bado haijafika. Ilikuwa njiani.)

Wakaja vijana na majembe na sururu. "Kaka Mfaume, tuchimbe upande gani?"

Nikajua wanajitolea kuchimbia wageni choo. Niliguswa, nusura nilie mimi mwenyewe.

"Popote pale nyuma," nikawaambia, "ila msisogee karibu na jiko."

Wakatazamana, wakaenda.

Kipaza sauti cha msikitini betri ilikuwa imekwisha, alhamdulillahi, la sivyo mkoa mzima ungekuja.

Ndipo akaingia Mzee Komba. Mzee Komba ni Mngoni, ana duka pale kijijini, na sisi Wangindo ni watani wake tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani halii. Kazi yake ni kuivuruga huzuni ili isiwaue waliobaki. Basi akaingia na kifuniko cha sufuria kichwani, amevaa koti langu (alilitoa wapi sijui), akaenda kujilaza katikati ya mkeka, kifudifudi, kama gogo.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Marehemu haendi popote mpaka mnilipe! Wangindo gani nyie, mnazika mtoto na wali haujaiva!"

Nikacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe.

"Mtani," nikasema, "marehemu gani?"

"Si Zuhura!"

Nikatazama turubai. Nikatazama mikeka. Nikasikia kule nyuma sururu zinapiga mwamba, taratibu, kwa mpangilio, na nikajua kile si choo.

"Mtani, hakuna aliyekufa."

Mzee Komba akakaa, macho yakamng'aa. Utani wote aliowahi kutaniwa maishani, huu aliuona ndio mfalme. "Jamani! Sikieni! Mngindo huyu anasema hakuna aliyekufa! Hataki kunilipa!"

"Kweli! Wallahi hakuna! Zuhura yuko shule!"

Uwanja mzima ukaangua kilio. "Maskini," mama mmoja akasema, "akili imemruka. Alivyompenda yule mpwa wake." Wanaume wawili wakanishika mabega wakaniketisha. Nikamgeukia Shangazi Mwanjaa, shahidi wangu pekee duniani, nikamkuta anagaragara, machozi ya kweli, kanga imemvuka.

"Shangazi, wewe si unajua!"

"Najua nini mimi?" akalia. "Uliniambia nilie kwa akiba! Kumbe ulikuwa unanificha!"

Nikajinasua niende mbio shule nimlete mtoto, aonekane. Nilikuwa nimefika ukingo wa uwanja gari la wageni lilipotokeza penye kona.

Somoe alikuwa kiti cha mbele. Nilimwona kupitia kioo, anatabasamu, ananyoosha kidole, anawaonyesha wageni kwake. Kisha akaona turubai.

Gari lilikuwa bado linatembea alipofungua mlango.

Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja kwangu, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, viganja juu, kama mtu anayedai arudishiwe kitu chake.

"Yuko wapi?"

"Yuko shule, Somoe."

"Mfaume. Yuko wapi?"

"Shule! Naapa kwa Mungu, yuko shule!"

Na watu wakalia zaidi, maana wote walishakubaliana kuhusu akili yangu. Bi Fatu akamwambia, "Mwache mwanangu, hajui anachosema." Somoe akakaa chini pale pale, kwenye vumbi nililolifagia mwenyewe. Hakulia. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba, anangoja kitu kitolewe.

Huko nyuma Dokta Tecla alikuwa ameshuka, amesimama na mkono kwenye mlango wa gari. Wageni walikuwa wawili: mama wa Kizungu mrefu, na bwana mmoja kutoka Nairobi. Yule mama akavua kofia. Yule bwana akaja, akanishika mkono. "Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Tumechelewa."

Nikamtazama mikononi. Sijui kwa nini nilitazama. Hakuwa na kidude chochote. Mikono mitupu tu.

Ndipo tukasikia watoto.

Huku kwetu kukiwa na msiba kwenye nyumba ya mwanafunzi, darasa lake zima huja na kuni, kila mtoto kijiti kimoja. Dereva wa bodaboda alipita shuleni akasema, kwa Mfaume kuna msiba. Mwalimu akatazama darasani: Zuhura yupo. Mama yake alionekana asubuhi stendi, mzima. Akapiga hesabu zake, akapata jibu kwamba aliyekufa ni mimi.

Kwa hiyo darasa la tatu likaingia uwanjani, mstari mmoja, na mbele kabisa alikuwa Zuhura, amebeba kijiti chake cha kuni amekizungushia kitambaa kisimchubue. Alikuwa analia. Yule asiyelia ovyo. Machozi yanamtiririka juu ya mashavu yenye vidonda, chumvi yote ile, na hayafuti kwa sababu kufuta kunachubua. Ananililia mimi.

Akaniona. Akasimama.

"Mjomba," akasema, "si umekufa?"

"Sijafa," nikasema. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kwenye hesabu."

Somoe aliinuka akakimbia. Alikimbia mikono wazi, na alipobakiza kama shubiri moja amfikie, akasimama. Akajizuia. Mama aliyekuwa ameshamzika mtoto wake moyoni, akakumbuka kwamba ngozi ya mtoto haistahimili kukumbatiwa. Akaigeuza mikono, akaipitisha chini ya viwiko vya Zuhura polepole, akambeba kama anavyombeba siku zote, kama mtu anayebeba trei ya mayai, akaweka paji la uso wake hewani karibu na la mtoto bila kuligusa. Hapo sasa ndipo akalia.

Mzee Komba akavua kifuniko cha sufuria kichwani, akakishika kifuani.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo ndipo nilipoumbuka. Bado.

Kwenye ncha ya mkeka alikuwa amekaa mwanamke nisiyemjua, ambaye hakulia tangu afike. Baadaye nilijua anaitwa Mwanaidi, ametoka mashambani, mbali kidogo na kwetu. Aliinuka, akampita Dokta, akawapita wageni, akaenda kusimama mbele ya Zuhura. Akavitazama vile vidole vya kushoto.

"Ana miaka mingapi?" akamuuliza Somoe.

"Tisa."

"Tisa?"

"Tisa na nusu," Zuhura akasema.

"Na anakwenda shule?"

"Nimekuwa wa tatu. Ningekuwa wa pili, ila nilikosa wiki moja ya vidonda."

Mwanaidi akaifunua kanga aliyokuwa ameikumbatia muda wote ule. Ndani alikuwa mtoto wa kiume, miaka miwili hivi, magoti yamechubuka, viganja vyekundu, mdomo una malengelenge. Ngozi ile ile. Tungeijua hata gizani.

"Dereva aliniambia yule mtoto wa ngozi wa kijiji hiki amefariki," akasema. "Nikaja niulize amekufaje. Nijiandae."

Dokta Tecla akapiga magoti kwenye mkeka, akamwomba ruhusa ya kumshika mtoto, akapewa. Nilimwona midomo ikicheza bila sauti: wa tano.

"Na dada yangu anaye," Mwanaidi akaendelea, kwa sauti ya chini, kama anaungama. "Wa kike. Tunawaficha. Watu wanasema tunawachoma moto."

Bwana wa Nairobi akamtafsiria mama wa Kizungu. Yule mama akakaa chini mkekani, na suruali yake safi, akatoa maji akanywa, asimwangalie mtu.

Dokta akanigeukia. "Kaka Mfaume. Turubai hili. Waeleze watu."

Nikapanda kwenye benchi. Mbele yangu kijiji kizima, darasa la tatu na kuni zao, vijana na majembe yao, wageni kutoka ng'ambo. Nikaeleza. Nikaeleza turubai, nikaeleza uso wa huzuni, nikamweleza Bi Fatu kwamba hakukosea yeye. Nilidhani nitaishia hapo, lakini bwana wa Nairobi akanyoosha mkono, kwa adabu.

"Samahani. Kwa nini ulitaka watu walie?"

"Kwa ajili ya kipimo," nikasema.

"Kipimo gani?"

"Cha machozi."

Akamtafsiria mama wa Kizungu. Yule mama akamtazama, akamwomba arudie. Akarudia. (Kwa hiyo nimeaibika kwa lugha mbili, na ya pili mara mbili.)

Kicheko kilianzia kwa darasa la tatu. Kikapita kwa vijana, kikafika kwa wazee, mpaka Shangazi Mwanjaa akacheka kwa sauti ile ile anayolilia, na nadhani kijiji cha pili walifunga milango tena. Somoe hakucheka. Alikuja mpaka chini ya benchi.

"Kaka," akasema taratibu, "siku ile naiogopa tangu alipozaliwa. Wewe leo umenifanyisha mazoezi yake."

Nikashuka kwenye benchi. Mpaka sasa sijapata la kumjibu, na msinitumie mapendekezo.

Chakula cha msiba hakirudi kilikotoka, kwa hiyo tukala. Wageni walikula. Mzee Komba akakaa kikao na watani wenzake, wakaamua faini: wameingia sebuleni, wamechukua cheti changu na fremu yake. Kitakaa dukani kwake, kimetundikwa kati ya sabuni na viberiti, mpaka nitakapompelekea jogoo mwekundu. Siwezi kubisha. Utani una sheria.

Kisha wazee wakasema lile shimo haliwezi kubaki wazi. Kaburi likichimbwa likakosa mtu, linazikiwa gogo la mgomba, na lisipozikiwa litadai mtu. Na wakasema mzikaji ni mimi, peke yangu. Basi nimekata mgomba wangu mwenyewe, nimeubeba mwenyewe, nimeushusha mwenyewe, Mzee Komba amesimama juu analia kwa kwikwi, anamsifu marehemu kwamba alikuwa na ndizi nzuri na hakuwahi kugombana na mtu.

Wakati nafukia, niliwaona kwa mbali wageni wamekaa mkekani na Zuhura na Mwanaidi na Dokta. Muda mrefu. Zuhura anachora kwa ule mkono wa kulia, bwana wa Nairobi anauliza, yeye anajibu, halafu anauliza yeye. Yule mtoto wa Mwanaidi alikuwa ametambaa kwenye kanga mpaka karibu, anaangalia kalamu. Hawakuahidi kitu walipoondoka. Dokta anasema huwa hawaahidi, watakaa kikao chao, jibu litakuja. Lakini alipoingia kwenye gari alinishika mkono, akaniangalia muda, na hakusema kwamba ana wasiwasi na mimi. Mwanaidi wameondoka naye, wanapitia kwa dada yake.

Sicheki mimi mwenyewe, na nyinyi msinicheke. Au chekeni, ila mkipita kwa Mzee Komba msikitazame kile cheti.

Nilikuwa nasawazisha udongo juu ya mgomba Zuhura alipokuja, akasimama ukingoni, mashavu yamepakwa dawa nyeupe.

"Mjomba, kile kipimo ulichoniambia. Nimewauliza."

"Wakasemaje?"

"Hakipo. Wamesema wao wanachotaka kujua ni tupo wangapi."